Chuma cha Fundi Soli

Kuna watu hukasirika kwa sababu chai imepoa, na kuna watu wenye haki ya kukasirika. Habari hii ni ya hao wa pili, na mimi ninayeisimulia sina nia ya kuwa mpole.

Jumamosi asubuhi mjane wa fundi viatu alivaa gauni lake la buluu, akafunga kitambaa kichwani, akakaa ukingoni mwa kitanda na mkongojo wake mapajani. Nyonga iliyovunjika ilikuwa imemfungia ndani muda mrefu, mpaka akaujua kila ufa wa dari ile na kuupa jina. Sasa alikuwa anatembea tena, nusu kwa mkongojo na nusu kwa kiburi, na safari yake ya kwanza haikuwa ya sokoni wala ya kwa jirani.

"Nakwenda kwa mume wangu," alimwambia bintiye. "Nimemwacha peke yake kule makaburini, atadhani nimeolewa."

Binti alicheka. Alikuwa mpiga pasi wa hoteli moja kubwa, wiki nzima alinyoosha mashuka ya watu asiowajua, na Jumamosi ilikuwa siku pekee ya kunyoosha mgongo wake mwenyewe. Hata hivyo alikuwa ameshavaa. Aliyekuwa hajavaa ni mumewe, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Zege kwa sababu ya kazi yake ya kuchanganya saruji na kokoto kwa sepetu.

"Mama, jua la leo kali," alisema Zege akiangalia chini.

"Jua lilikuwapo kabla ya nyonga yangu."

"Na ile barabara ya kwenda kanisani wameichimba."

"Wiki iliyopita ulisema mvua. Kabla ya hapo ukasema mabasi yamegoma. Hebu niambie baba, wewe ni mkwe wangu au ni idara ya hali ya hewa?"

Binti akacheka tena. Zege akaingia chumbani kutafuta shati, akakaa humo muda mrefu kuliko shati linavyohitaji.

Wacha niseme ukweli sasa hivi, maana sipendi hadithi za kumzungusha mtu. Zege alikuwa anajua kwamba mkwewe hatalikuta kaburi. Alijua kwa sababu yeye ndiye aliyelifukia kwa zege, na alikuwa amenyamaza nalo tangu siku ile.


Kanisa kuukuu liko katikati ya jiji, limebanwa kati ya benki na jengo la ofisi lenye vioo. Uwanja wake wa makaburi ni mkongwe kuliko barabara zinazouzunguka. Humo amelala Malenga, mshairi ambaye watoto hukaririshwa tungo zake shuleni kabla hawajajua maana yake. Amelala pia mwimbaji mmoja wa kike aliyewahi kuwaliza wanaume wazima, na mhariri wa gazeti aliyefia gerezani kwa kukataa kufuta sentensi moja. Watu hutoka mbali kuja kupiga picha wakiwa wameegemea mawe yao.

Malenga aliacha wosia kwamba asizikwe kwenye makaburi ya wakubwa. Alitaka kulala na watu wa mtaa ule, wapagazi, wafua nguo, mafundi viatu, kwa sababu maneno yake yote aliyaokota vinywani mwao. Wakamzika hapo. Na watu wa mtaa wakaendelea kuzikana pembeni yake, mwaka baada ya mwaka, ila wao hawakuwa na uwezo wa kununua mawe. Basi kila maiti alisimikiwa kichwani pake chombo cha kazi yake. Mshonaji aliwekewa pasi ya mkaa, mwashi aliwekewa mwiko, muuza karanga aliwekewa sahani ya mizani. Fundi viatu, ambaye mtaani aliitwa Fundi Soli, aliwekewa kile chuma chake chenye nyayo tatu, ambacho fundi hukivisha kiatu ili apate kugonga misumari. Mjane wake alikisimika mwenyewe, akakikandamiza kwa kisigino mpaka kikasimama.

Kisha ikaja kamati ya urithi. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaamua kwamba wageni wanajikwaa. Palihitajika njia safi ya zege, nyasi za kupandwa, na mabenchi. Mkandarasi akaajiri vibarua, na kati ya vibarua alikuwamo Zege.

"Baba yumo humo," mkewe alimwambia siku aliyopata kazi, kwa furaha, kama mtu anayempa mumewe salamu za kupeleka. "Hukuwahi kumwona, lakini utamjua kwa chuma chake. Mpitie."

Asubuhi ya kwanza msimamizi alinyoosha kidole. "Vyuma chakavu vyote, rundo moja pale!" Zege akang'oa pasi. Akang'oa mwiko. Alipofika kwenye chuma chenye nyayo tatu, alikitambua. Alisimama. Alitaka kusema, na laiti angesema! Lakini nje ya lango walikuwa wamejipanga wanaume wengine wakisubiri mmoja afukuzwe ili waichukue sepetu yake ingali na joto, na mashine ya kuchanganyia ilikuwa inanguruma.

"Wewe! Unasali?" msimamizi alifoka. "Zege halilali!"

Ndivyo wasemavyo watu wa ujenzi. Zege likishachanganywa halingoji kesho, ni lazima limwagwe leo. Basi akakitikisa chuma, kikagoma, akakivuta kwa mikono yote miwili, kikatoka na bonge la udongo na kumchuna muundi wa mguu hadi damu. Akakitupa kwenye rundo. Adhuhuri pale mahali palikuwa pamefunikwa.

"Umemwona baba?" mkewe aliuliza jioni ile akimsafisha kidonda.

"Sijafika upande wake," alijibu.

Toka hapo uongo ule ukawa unakula nao mezani.


Jumamosi ile, walipofika kanisani, langoni palikuwa na kibanda kipya, na ndani ya kibanda mlinzi.

"Tiketi," alisema.

"Ya nini?" aliuliza mjane.

"Kiingilio, mama. Siku hizi hapa ni eneo la urithi."

"Mimi sikuja kwenye urithi. Nimekuja kwa mume wangu."

"Ahaa. Ndugu wa marehemu wanaingia bure, hakuna shida kabisa." Mlinzi alikuwa mtu wa heshima, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, maana mtu wa heshima huwezi hata kumtukana. Alielekeza ramani kubwa iliyopakwa rangi ukutani. "Nioneshe tu jina lake hapo."

Binti aliisoma ramani toka juu hadi chini. Kila jiwe lilikuwa na nambari, na kila nambari ilikuwa na jina. "Baba hakuwa na jiwe," alisema.

"Basi hayupo." Mlinzi akaona jinsi neno lile lilivyotua, akajaribu kulifuta. "Yaani, kwenye ramani." Kisha akatazama nyuma yao, uso ukamchangamka. "Eh, Zege! Leo umekuja kutembea kama tajiri? Mbona hukusema mko pamoja? Lakini tiketi bado, kaka, wananihesabia."

Binti alifungua pochi akalipa. Mjane alipewa kikaratasi chenye picha ya Malenga, akakigeuza nyuma na mbele akitafuta sura ya mumewe.

"Nimemwosha, nimemvika, nimemzika," alisema. "Sasa nimemlipia kiingilio. Wanaume wana gharama."

Hakuna aliyecheka safari hii. Wakaunganishwa na kundi la wageni, kwa sababu ilikuwa marufuku kutembea humo bila mwelezaji.

Mwelezaji alikuwa dada mwenye kipaza sauti kiunoni na sauti iliyochoka kurudia. Aliwapitisha kwa mwimbaji, akawapitisha kwa mhariri, wageni wakapiga picha. Njia ilikuwa laini kama sakafu ya hospitali, na mkongojo wa mjane ulikuwa unateleza kila hatua, bintiye akimshika kwapani. Alipojaribu kutembea pembeni, kwenye nyasi, kipaza sauti kikamrukia.

"Mama, nyasi, tafadhali! Kuna kibao!"

Wageni wote waligeuka kumtazama mama aliyekanyaga nyasi. Akarudi njiani. Mbele kidogo, karibu na jiwe la Malenga, mkongojo uliacha kuteleza. Sehemu ile ndogo ya zege ilikuwa na makwaruzo, haikunyooshwa vizuri kama kwingine.

"Hapa angalau pana mshiko," alisema, akasimama apumzike.

Zege aliyekuwa nyuma yake aligeuza uso akatazama ukuta.

"Na huyu ndiye Malenga wetu," mwelezaji alikuwa anasema. "Aliwakataa wakubwa. Aliomba alale hapa, katikati ya watu wake, wapagazi na mafundi wa mtaa huu."

Mjane alitazama kulia. Akatazama kushoto. Palikuwa na nyasi zilizokatwa na benchi jipya lenye jina la benki ya jirani.

"Mwanangu," alimwita mwelezaji, "wako wapi?"

"Akina nani, mama?"

"Hao watu wake."

Mwelezaji alitabasamu namna ya kuomba msaada. Alipekua karatasi zake. "Tuendelee na chumba cha makumbusho," alisema.

"Mama, baba alikuwa hapahapa," binti alinong'ona. "Miguuni mwa Malenga. Tulikuwa tunaweka kikapu chetu juu ya jiwe lile." Kisha akamgeukia mumewe polepole. "Na wewe uliniambia hujafika upande huu."

Zege aliinama akajifanya anafunga kiatu. Kundi lilikuwa limeshaanza kusogea, na mwelezaji anawahimiza wa nyuma wasibaki.


Chumba cha makumbusho kilikuwa zamani stoo ya mapadri ya kuwekea kanzu. Katikati yake palikuwa na meza yenye kitambaa chekundu, na juu ya meza sanduku la kioo. Ndani ya kioo, kimepakwa rangi nyeusi kikang'aa, palikuwa na chuma chenye nyayo tatu.

Mgeni mmoja alisoma kibandiko kwa sauti. "Chuma cha fundi viatu wa enzi za Malenga. Inasadikiwa kwamba viatu vya Malenga vilishonwa juu yake."

Mjane alisogea mpaka pua yake ikagusa kioo. Unyayo mmoja ulikuwa umemeguka ncha. Uliangushwa kwenye ngazi ya nyumba yake mwenyewe, siku aliyomfukuza Fundi Soli na vyombo vyake kwa sababu ya ulevi, na jioni akamrudisha. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka wageni wakatabasamu wakidhani kuna jambo la kufurahisha.

"Inasadikiwa!" alisema. "Inasadikiwa na nani? Malenga amekufa mume wangu hajazaliwa! Hicho chuma mimi nimeishi nacho, nimekipangusa, nimempiga nacho panya! Fungueni!"

Mwelezaji akazima kipaza sauti akatoka mbio. Alirudi na katibu wa kamati, mwanaume mwenye tai na miwani iliyofungwa kamba shingoni, mwenye sauti laini ya mtu asiyewahi kukatizwa.

"Mama, shikamoo. Nimeelezwa. Kwanza niseme tunaushukuru sana mchango wa familia yenu."

"Mchango?"

"Kifaa hiki kingeliwa na kutu huko nje. Humu kinatunzwa, kinaonwa na dunia. Ni heshima kwa marehemu."

"Sikukuuliza kama kinatunzwa. Nakuuliza mume wangu yuko wapi."

Katibu alivua miwani akaifuta. "Tatizo ni kwamba hatuna kumbukumbu za makaburi yasiyo na mawe."

"Kumbukumbu si mimi hapa? Si huyu mwanangu? Mlikuja kutuuliza?"

"Mama, uwanja ni mkubwa, na udongo umesawazishwa. Kusema kweli hakuna mtu anayeweza kujua sasa. Tumefikiria kuweka kibao kizuri kwa wote kwa pamoja. Kwa ajili ya wasiojulikana."

"Wasiojulikana na nani?"

Alilisema hilo kwa sauti ndogo. Wageni waliacha kupiga picha. Binti alikuwa analia bila kujifuta, na katibu akarudisha miwani puani, akatazama saa, akamtazama mlinzi aliyekuwa amefika mlangoni, kwa jicho lile linalosema mtoe taratibu.

"Mimi najua," alisema Zege.

Hakuwa amesema neno toka nyumbani. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyeamka usingizini.

"Najua alipo. Niliking'oa mimi." Akainama akapandisha suruali, kovu likaonekana kwenye muundi. "Hiki hapa ndicho kilichonichuna. Nilijua ni chake, Mama. Nilijua pale pale. Nikaogopa kazi."

Mkewe hakupiga kelele. "Nilikusafisha kidonda hicho," alisema. "Kwa maji ya moto. Nikakuuliza umemwona baba, na huku kidonda kiko mkononi mwangu."

"Najua."

"Usiniambie unajua! Usinisemeshe kabisa leo."

"Kijana," katibu alidakia kwa upole uleule, "wewe si wa kwa mkandarasi wetu? Awamu ya pili inaanza Jumatatu. Fikiria kabla hujaendelea."

Nawaomba wasomaji mwangalie jambo hilo. Mama mzima amepoteza kaburi la mumewe, na huyu bwana anahesabu kibarua. Zege alifikiria. Aliufikiria unga, kodi ya chumba, wanaume wale waliojipanga nje ya lango. Alifikiria hasa jinsi alivyokwisha kufikiria mambo hayo mara moja, na kilichotokea.

Mjane alimgeukia mkwewe. Kama alikuwa na huruma, hakuionesha.

"Ulikitoa kwa mkono gani?"

"Yote miwili, Mama. Kilikuwa kimeshika sana."

"Nilikisimika mimi, lazima kishike. Basi kitoe humo kwa yote miwili."

Zege akalinyanyua sanduku la kioo. Halikuwa na kufuli wala msumari, kamati ilikuwa imeamini kwamba kioo peke yake kinatosha kuwazuia watu. Akaliweka chini kwa uangalifu, akakichukua chuma.

"Huo ni wizi!" Sauti ya katibu ilipoteza ulaini wake wote kwa mara moja. "Mlinzi! Mshike!"

Mlinzi alimtazama katibu, akamtazama mama mwenye mkongojo na tiketi bado mkononi. Akasogea pembeni. "Mimi nahesabiwa tiketi tu, mzee," alisema.


Zege alitangulia, mjane akafuata, binti nyuma kwa mbali, hataki kumkaribia mumewe. Wakapita kwa mhariri, wakapita kwa mwimbaji. Karibu na jiwe la Malenga Zege alisimama.

"Ni hapa, Mama. Kote nilinyoosha kwa mwiko, ila hapa nilishindwa kupanyoosha. Msimamizi alinifokea, nikapaacha na makwaruzo."

Ilikuwa ni sehemu ileile. Mjane aliugonga mkongojo chini, haukuteleza.

"Nilipumzika hapa," alisema. "Nilisimama juu yake nikasema pana mshiko." Uso ulimkunjamana, na kwa mara ya kwanza siku ile alilia, kwa hasira, akijipiga paja kwa ngumi. Binti alikuja akamshika. Wakamsaidia kukaa chini, huyu upande huu na yule upande ule, bila kutazamana. Akavua viatu, viatu alivyoshonewa na Fundi Soli, akavipanga pembeni. Akakipokea chuma akakipakata.

"Jumatatu una kazi?" alimuuliza Zege.

"Sina tena."

"Basi una nafasi. Nenda nyumbani ukalete nyundo na tindo. Pavunje hapa, pa kusimika chuma tu, sitaki zaidi."

"Watatuitia polisi, Mama. Angalau tungoje kesho..."

"Kesho?" Mjane alinyanyua kichwa. "Si nyinyi mnaosema zege halilali? Na la leo lisilale. Nenda."

Zege akaenda, mwanzo kwa kutembea, kisha kwa kukimbia. Mlinzi alimwona akipita langoni, akamwambia akirudi asihangaike na tiketi.

Katibu alikuwa amesimama mlangoni mwa makumbusho akipiga simu, mkono mmoja umeziba sikio. Huku nyuma kundi jipya la wageni lilikuwa limeingia, yule dada mwelezaji akiwa mbele, na lilipofika kwenye kona lilimkuta mama amekaa katikati ya njia, miguu mitupu, na bintiye amechuchumaa kando yake.

"Mama," mwelezaji alisema kwa aibu, "samahani, hapa ni njia."

"Hapa si njia. Hapa ni mume wangu."

Wageni walitazamana. Mmoja akashuka kwenye nyasi kumpisha, mwingine akamfuata, hatimaye kundi zima likawa limesimama nyasini mbele ya kibao kinachokataza, na hakuna kipaza sauti kilichomkemea mtu. Mwelezaji alibaki njiani peke yake, karatasi zake zimekunjika mkononi, hajui aanzie wapi.

"Endelea, mwanangu," mjane alimwambia. "Ulikuwa umefika pale alipoomba alale na watu wake."